Mtu Aliyepooza Asiachwe Kitandani

(Hotuba hii ilitolewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mbele ya wazee, akina mama na vijana waliokutana katika ukumbi wa soko. Twaichapa hapa kwa sababu wengi waliokosa nafasi ndani ya ukumbi wameomba kuisoma.)



Nimeombwa niseme habari za maradhi ya kiharusi, lakini sitakawia sana juu ya siku ile maradhi yanapoingia, maana habari hiyo mmekwisha kuisikia kwa waganga wa hospitali. Nataka kusema habari za siku zinazofuata: mwezi wa pili, mwaka wa kwanza, mwaka wa tano. Hapo majirani waliokuja kwa wingi na sukari na majani ya chai wamekwisha kurudi makwao, na mgonjwa amebaki na mkewe, au na binti yake, na ukuta.

Nitaanza nyumbani kwetu, ili msidhani kwamba nimekuja kuwalaumu watu wengine.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa penye baraza ya duka katika soko moja la vilima vya Machakos, akishona sare za shule na mavazi ya kwaya. Asubuhi moja, nami wakati ule nilikuwa katika kidato cha tatu, alitaka kutunga uzi katika sindano akashindwa. Mkono wake wa kulia ulianguka juu ya kitambaa kama kitu kisicho chake. Mdomo ulikwenda upande. Akataka kumwita mama, likatoka neno lisilo na maana. Wako waliosema ni upepo mbaya. Wengine walisema amefanyiwa jambo, maana mwezi uliotangulia alikuwa amegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Tulikaa siku tatu tukimtafuta aliyemfanyia. Siku ya nne ndipo tulipompeleka hospitali. Simlaumu mtu, kwa kuwa mimi nami nilikuwapo, nami nilikuwa nikifundishwa shuleni habari za moyo na mishipa ya damu, wala sikusema neno.

Kiharusi si upepo, wala si jini. Ubongo hulishwa na damu, nayo damu hupita katika mishipa. Mshipa ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia hutawala mkono na mguu wa kushoto. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja. Tena kwa watu walio wengi makao ya maneno yamo katika upande wa kushoto, na kwa hiyo baba alipoteza mkono wa kulia na maneno kwa pamoja. Hakuna adui aliyechagua hivyo. Sababu kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu, ambalo sisi sote huliita presha, na ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu aweza kuwa nayo miaka kumi, huku akilima na kucheza ngoma.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Jirani zetu wa Tanzania walihesabu. Tangu mwaka 2003 hata 2006 wataalamu walifuatia habari za kiharusi katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, na katika sehemu moja ya mji wa Dar es Salaam. Wakaona kwamba kila mwaka, katika watu 100,000, kule Hai walipatwa watu kama 109, na Dar es Salaam kama 316, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Hesabu ya Dar es Salaam ilizipita zile za nchi nyingi tajiri.

Juu ya siku ya kwanza nasema maneno machache tu. Tazama uso: je, umekwenda upande? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja waanguka? Mwambie aseme: je, maneno yamevurugika? Ukiona hata moja katika hayo, tafuta gari upesi. Usimpe chakula wala maji, maana pengine koo limepooza, na kitu chaweza kuingia mapafuni. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Jambo hilo huonekana kwa mashine ya picha ya kichwa. Iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida yapasa itolewe kabla ya muda wa saa nne na nusu kupita tangu maradhi kuanza. Sisi tulipoteza siku tatu.

Tuliporudi na baba nyumbani baada ya majuma mawili tulifanya kosa la pili, nalo lilikuwa kosa la huruma. Tulimlaza katika chumba cha nyuma, mahali palipo kimya. Tulimlisha kwa kijiko, ingawa mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Tulimwosha, tulimvika, tulisema badala yake. Wageni walipokuja mama aliwaambia, "Amelala," hata kama hakulala. Mkono uliopooza tuliufunika kwa blanketi kana kwamba ni jambo la aibu, na tulipotaka kumwinua tuliukamata mkono huo huo tukauvuta. Baada ya miezi minne bega lilikuwa likimwuma usiku kucha, vidole vimejikunja, na nyonga ina kidonda cha kulalia. Naye alikuwa amekoma kutazama mlango.

Siku moja alikuja nesi mstaafu, jirani yetu, mwanamke mkali kidogo. Akasimama mlangoni, akatazama, kisha akamwuliza mama, "Dada, huyu mnamlea au mnamzika?"

Mama alilia. Lakini siku ile ile kitanda kilihamishwa chumba cha mbele, penye dirisha la kutazama njia.

Mengi nitakayowaambieni sasa nilijifunza kwanza kwa mama yule, kabla sijaenda chuo. Chuoni walinieleza sababu tu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili ngozi isioze. Mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, wala usining'inie, wala usivutwe hata mara moja, maana misuli inayoshikilia bega imelegea na mfupa waweza kutoka mahali pake. Ukitaka kumwinua mtu, mfunge leso au mshipi kiunoni, ushike hapo. Kula, ale akiwa ameketi wima, tonge dogo dogo. Na watu wengi wenye koo dhaifu humeza uji mzito kwa urahisi kuliko maji matupu. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama imejaa maji, waambieni waganga.

Je, aanze lini kuinuka? Hapa yafaa niseme kwa uangalifu. Zamani waganga waliwalaza wagonjwa hawa muda mrefu. Baadaye wakageuka, wakasema, ainuliwe upesi iwezekanavyo. Mwaka 2015 ilitangazwa habari ya uchunguzi mkubwa uliofanywa juu ya wagonjwa 2,104 katika hospitali za nchi tano. Wale walioinuliwa mapema sana, kabla ya saa 24, tena wakafanyishwa mazoezi mengi, hawakufaulu kuliko wenzao. Walipona kwa uchache zaidi. Maana yake si kwamba mtu alale. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza si siku ya kumkokota mgonjwa uani. Mara hali yake inapotulia na mganga ametoa ruhusa, aketi, asimame, kidogo kidogo na mara nyingi.

Sasa twafika penye jambo ambalo watu huniuliza kila siku: "Bwana, ikiwa sehemu ya ubongo imekufa, mazoezi ni ya nini?" Ni kweli, iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizo jirani zaweza kujifunza kazi mpya. Fikirini njia ya kwenda mtoni ambayo imekatwa na mvua. Watu huanza kupita pembeni, mara ya kwanza kwa taabu, wakikwaruzwa na miiba. Hata mwisho njia mpya huonekana. Lakini haionekani kwa kupita mara moja, wala mara kumi. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo miezi ya maendeleo makubwa kwa wengi, na baada ya miezi sita mwendo hupungua. Hupungua, nimesema, haukomi. Nimemwona bibi mmoja aliyefungua kiganja chake katika mwaka wa pili.

Tena liko jambo la ajabu juu ya mkono. Mtu akijaribu mkono wake mgonjwa ukashindwa, akajaribu tena ukashindwa, huacha kuutumia, na mkono mzima hufanya kazi zote. Hata mkono mgonjwa unapokuwa na nguvu kidogo, mwenyewe hajui, maana amekwisha kuusahau. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walitangaza walichokifanya kwa wagonjwa 222, ambao walikuwa na miezi mitatu hata tisa tangu kupatwa. Nusu yao walivikwa mfuko katika mkono MZIMA, karibu mchana kutwa, kwa majuma mawili, ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Hao walifaulu kuliko wenzao, na faida ilikuwa ingalipo mwaka mmoja baadaye. Dawa hii si ya kila mtu. Yapasa vidole na kifundo viwe vimeanza kucheza kidogo, tena hatari ya kuanguka iangaliwe. Lakini yatufundisha kwamba huruma ya kufanya kila kitu badala ya mgonjwa yamnyima kitu.

Hapa kwetu hatuna haja ya mashine za mazoezi. Yule nesi alileta gunzi la mahindi, akaliweka katika mkono wa kulia wa baba, akamwambia apukuchue punje kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia tu. Baada ya majuma kadhaa walibadilisha, wa kulia ukapukuchua. Siku ya kwanza alitoa punje tatu. Nakumbuka kwa sababu ndugu yangu mdogo alizihesabu akacheka, na baba akacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu augue. Kuchambua maharage, kukanda unga, kuosha vikombe katika maji ya uvuguvugu, kukunja nguo, yote haya ni mazoezi, tena ni bora kuliko mazoezi matupu, maana mwisho wake kuna kitu: maharage yamechambuliwa, na aliyeyachambua ni yeye.

Kuvaa nguo kuna njia yake. Mkono mgonjwa huingia wa kwanza katika shati, na hutoka wa mwisho. Anayejua siri hiyo huvaa mwenyewe. Asiyeijua hupigana na shati mpaka akakata tamaa. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, si upande wa mguu mgonjwa kama watu wanavyodhani. Fimbo hutangulia, mguu mgonjwa hufuata, kisha mzima. Penye ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Uani chomekeni miti miwili mirefu sambamba, yenye kimo cha kiuno, mtu apite katikati akijishikilia. Sisi tulitumia mikalitusi, na gharama yake ilikuwa misumari.

Naomba radhi kwa kusema habari za choo mbele ya wazee, lakini bila hiyo hotuba yangu ni bure. Choo chetu cha shimo humtaka mtu achuchumae, na aliyepooza upande mmoja hawezi. Nimeona wazee wenye heshima zao wakiacha kula jioni ili wasije wakahitaji kuinuliwa usiku na wakwe zao. Seremala akate tundu katika kiti cha mbao kilicho imara, kiwekwe juu ya shimo, na mti upigiliwe ukutani wa kushikilia. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Sijui kitu kingine cha bei ndogo kinachorudisha heshima ya mtu kama hicho.

Nimesema juu ya viungo. Sasa maneno. Mtu aliyepoteza maneno hakupoteza akili. Aweza kuelewa mengi kuliko awezayo kusema, wala hana haja ya kupigiwa kelele kama kiziwi. Mwulize jambo moja kwa wakati mmoja, swali la ndiyo au siyo, mwonyeshe vitu, kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Sisi Waafrika twajua sana kungoja mvua, lakini hatujui kungoja neno la mgonjwa. Humalizia sentensi yake, tena hukosea. Watu wenye lugha mbili au tatu, kama tulivyo wengi wetu, hawarudishiwi zote kwa kipimo kimoja. Kwa baba Kikamba kilianza kurudi kwanza, Kiswahili cha dukani kikachelewa. Kwa mwingine yaweza kuwa kinyume. Yajaribuni yote.

Na uimbaji! Wako wasioweza kuomba maji ya kunywa, lakini ukianza wimbo wanaoujua tangu utoto waufuata na maneno yake. Nyimbo hutegemea sehemu nyingine za ubongo pia. Jumapili moja kwaya ilikuja kuimba chini ya mwembe wetu, na sauti ya nne ilisikika kutoka kitini mwa baba. Mama aliangusha sufuria.

Lazima niseme pia habari za moyo, maana hapa watu hukosa kufahamu. Karibu mtu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni nzito isiyomtoka. Hali chakula, hataki mazoezi, hataki kuonwa. Watu wa nyumbani husema amekuwa mvivu au ana kiburi. Hayo ni maradhi, yana matibabu, na mganga aambiwe. Wengine hulia au kucheka bila sababu, kwa kuwa ubongo umepoteza breki zake. Msimkemee, badilisheni mazungumzo. Wengine ambao wamepooza upande wa kushoto husahau kabisa upande huo: hula nusu ya sahani na kusema wameshiba, hujigonga katika mlango. Huyo aketishwe mahali ambapo upande uliosahauliwa utamlazimu kugeuka. Na wote huchoka upesi, kwa uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauumalizi.

Wala msimsahau anayemtunza. Mama yangu hakwenda sokoni kwa miezi saba. Akina mama wa kanisa walipofahamu walijigawanya, kila Alhamisi mmoja wao alikaa na baba mchana kutwa, na mama akaenda kuuza nyanya zake. Kama kuna chama cha akina mama humu ukumbini kinachotafuta kazi ya kufanya, nimewapa.

Sasa nitawaambieni habari ya mpaka wa shamba. Ulipokaribia mwaka mzima, wazee walikuja kuumaliza ule ugomvi. Baba mdogo alikuwapo, na jirani yule aliyeshukiwa kumroga baba alikuwapo pia, amekaa pembeni peke yake. Baba aliletewa kiti. Wazee wakaanza. Mmoja akamwuliza baba mdogo, "Je, mzee angekubali mpaka uwe penye mkuyu?" Baba mdogo akajibu angekubali. Yote hayo yalisemwa mbele ya baba, juu ya kichwa chake, kama vile mtu anavyosema juu ya mbuzi. Baba akapiga fimbo chini. Wakanyamaza, kisha wakaendelea. Akapiga tena, kwa nguvu, hata kiti kikayumba. Hapo mzee mmoja, aliye mkubwa kuliko wote, akasema, "Ngojeni. Mwenye shamba anasema."

Akamgeukia. "Ni penye mkuyu?" Baba akatikisa kichwa. "Ni chini ya mkuyu?" Ndiyo. "Kuna alama?" Ndiyo. "Utatuonyesha?"

Toka nyumbani kwetu hata chini ya mkuyu ni mwendo ambao mtoto huukimbia kwa dakika tatu. Baraza zima lilimfuata baba kwa muda wa nusu saa, fimbo, mguu, mguu. Penye mteremko alisimama, akaogopa. Mimi nilikuwa nyuma, mbali. Aliyekuwa karibu naye ni yule jirani. Akamnyoshea mkono, baba akaushika, wakashuka wote wawili. Jiwe lilikuwapo, chini ya majani, mahali ambapo babu zao walilitia. Kidogo lilikuwa upande wa faida ya jirani kuliko vile baba mdogo alivyokuwa akidai. Mambo yakaisha siku ile, na tangu siku ile hakuna baraza lililokaa kijijini kwetu bila baba kuletewa kiti cha mbele. Maneno aliyokuwa nayo wakati huo hayakufika hamsini.

Kazi je? Hakurudi kushona suti. Lakini cherehani ya miguu ilikuwapo, na mguu wa kushoto ulikuwa mzima, na wa kulia ulifuata juu ya kibao ukapata mazoezi kwa njia hiyo. Alishona pindo na mifuko ya nailoni ya sokoni; kukata kitambaa alimwachia kijana, akawa mwalimu wake. Mwenye duka aliweza kumnyima nafasi penye baraza. Hakumnyima. Mahali pale ndipo watu walipomkuta, wakamsalimu, wakamlazimisha kujibu, na kila salamu ilikuwa zoezi la ulimi.

Watu wakubwa pia wamepatwa. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alipigwa na kiharusi mwezi wa Oktoba 1868, umri wake miaka 45, akapooza upande wa kushoto, wala hakupona kabisa. Wasaidizi wake wakawa mikono yake. Ilipofika mwaka 1885, miaka karibu 17 baadaye, chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilitumiwa kwa mtoto aliyeumwa na mbwa, Joseph Meister, naye akaishi. Winston Churchill alipatwa mwezi wa Juni 1953, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alisimama mjini Margate akahutubia mkutano wa chama chake. Lakini wananchi hawakuambiwa ukweli wakati ule. Walielezwa kwamba ahitaji kupumzika. Mnaona basi kwamba kumficha mgonjwa katika chumba cha nyuma si desturi ya vijijini tu.

Katika nchi yetu ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kufika mahali pa watu wote, na kupanda magari ya abiria. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu aweza kupimwa hospitalini, kisha kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu. Siku ya kupiga kura, asiyeweza kutia alama kwa mkono wake huruhusiwa kusaidiwa na mtu amchaguaye mwenyewe. Kwa upande wa dini, Muislamu huruhusiwa kusali akiwa ameketi, na sijaona kanisa linalomkataza mtu kiti. Utingo wa matatu, huyo ndiye bado. Yeye huona fimbo akasema gari limejaa.

Jambo la mwisho ni vidonge. Aliyepatwa mara moja yumo hatarini kupatwa tena, na mara ya pili hukuta nyumba ambayo tayari ina ufa. Vidonge vya presha ni vya kila siku, hata siku ambayo mtu ajisikia mzima, na wala si vya kuazimana na jirani. Chumvi isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Sigara iachwe kabisa. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iligawa mikoba kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na katika mikoba hiyo imo mashine ya kupimia presha. Wawili wao wamekaa pale mlangoni na mashine zao. Naomba mtu asitoke bila kupita mezani kwao. Mwenyekiti ameahidi kuanza yeye.

Bwana Mwenyekiti, nimechukua muda mrefu. Kabla ya maswali, yuko mzee hapa mstari wa mbele, mwenye koti la kahawia, ambaye alipatwa miaka mitatu iliyopita na leo amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto. Amekubali kuwaonyesha jinsi ya kuinuka kitini: miguu nyuma kidogo, mikono iliyoshikana inyoshwe mbele, kichwa kipite magoti, ndipo mtu ainuke. Walio nyuma sogeeni karibu. Na tafadhali, asimsaidie mtu.